Kipindi cha vitenzi vya Kiingereza kimehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa,

Kipindi cha Ijumaa kimesogezwa hadi Jumamosi saa kumi jioni, kwa simu ya sauti hapa hapa kikundini. Tutatumia saa moja na nusu.

Mada ni kitenzi kinachofuata kitenzi kingine. "Want", "decide" na "hope" hufuatwa na "to": I want to rest. "Enjoy", "finish" na "avoid" huchukua -ing: I enjoy cooking. Muda mwingi nataka tuutumie kwa "stop", maana hapo ndipo wengi huteleza. "She stopped to talk": alisimama ili aongee. "She stopped talking": alikuwa anaongea, akanyamaza.

Kabla ya siku hiyo:
1. Andika sentensi tano kuhusu shughuli zako za kila siku. Ziwe zako kweli, si za kunakili, ndipo zitakaa kichwani.
2. Zisome kwa sauti.

Mwenye kuona haya asijali, tutaanza wawili wawili.

Naomba kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi usiku ili nipange jozi. Asanteni sana.