Maoni ya picha yaonyeshe mahali, si kusifu tu

Ndugu Mhariri,

Picha za mazingira ya Mtwara na Lindi zimejaa kwenye simu zetu: mikoko ya Msimbati, mchanga wenye mikunjo bahari ikikupwa, kuta za Kilwa Kisiwani, kingo za uwanda wa juu wa Makonde zikiwa na ukungu. Chini ya kila picha maoni ni yale yale: "Kali sana," "Moto," "Mashaallah." Mpigapicha anavikwa kilemba cha ukoka, kesho anarudia kosa lile lile. Wapo pia wanaoandika "hii hamna kitu" wakaenda zao. Makundi yote mawili hayamwambii mwenye picha aguse wapi.

Mpima ubora wa korosho ghalani hasemi mzigo hauna mvuto. Anachukua sampuli, anazikata, anatenga nzima na mbovu, anapima unyevu, na mkulima anaondoka akijua kama shida ni kuanika au ni kuchelewa kuokota. Maoni ya picha nayo yaonyeshe mahali, yaseme pana nini na panalifanya nini jicho la mtazamaji. Dawa ije baada ya hapo, na ielezwe kama ni ya kuhariri au ni ya kurudi kupiga upya.

Chukua picha ambayo karibu kila mwenye kamera pwani hii ameipiga: yangeyange, ndege mweupe, kasimama kwenye tope la mikoko. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Tope jeusi limejaa kila upande, ndege ni kadoa tu, kwa hiyo kamera inadhani pana giza na kuongeza mwanga. Manyoya yanaungua na kuwa kama karatasi nyeupe. Kumwambia mtu "mwanga umezidi" hakumfikishi popote, maana tope lenyewe huenda limekaa sawasawa. Afadhali umwandikie hivi: "Kaka, tope liko vizuri, ila kifua na shingo ya ndege vimeungua, sioni unyoya hata mmoja. Ukirudi, punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu, ikibidi stopu moja na theluthi, na uangalie histogramu isigandie ukuta wa kulia." (Stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu; histogramu ni grafu ya mwanga kwenye kamera, na ukuta wake wa kulia ni upande wa weupe.)

Kabla ya kumwambia akahariri, muulize faili ni la aina gani. Kama alipiga RAW, yaani faili ghafi lenye kila kilichonaswa na kamera, sehemu ya manyoya inaweza kurudi. Kama ni JPEG, faili la kawaida lililokwisha kubanwa, na rangi zote tatu (nyekundu, kijani na bluu) zimefika 255, kiwango cha juu kabisa, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Akishusha mwanga atapata kijivu bapa badala ya cheupe bapa. Ushauri usiouliza hilo unampa mwenzako kazi isiyowezekana, halafu anajiona hajui kuhariri.

Ukali wa picha ndio unaopewa maoni ya ovyo kuliko yote. "Haijatulia" ina sababu nyingi, na kila sababu inaacha alama yake. Ndege amefifia lakini mizizi nyuma yake inakata: fokasi imekosea, iwekwe kwenye jicho. Kila kitu, hata jiwe, kimevutika upande mmoja: mkono umetikisika. Mwili umetulia ila ncha za mabawa zimefutika: shata, kilango kinachopitisha mwanga, ilikuwa polepole, na kwa ndege anayeruka anzia 1/1000 ya sekunde. Picha nzima inachezacheza kama imepigwa nyuma ya moto: ni joto linalopanda kutoka kwenye mchanga, na hapo hata lenzi ya bei mbaya haisaidii; asogee karibu au aje asubuhi.

Kuhusu hiyo asubuhi, tuache kunakili ushauri wa nchi za baridi kuhusu "saa ya dhahabu", ule mwanga laini jua likiwa chini. Mtwara iko karibu nyuzi 10 kusini ya Ikweta, na jua hapa hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Kufika nyuzi 6 juu ya bahari linatumia dakika 25 hivi. Anayemwambia mwenzake aje saa moja na nusu kukamata mwanga laini anamchelewesha. Awe amesimama mahali pake kabla ya jua kuchomoza, na awe ameangalia maji siku moja kabla, kwa sababu wakati wa bamvua ufuko uliokuwa mpana jana saa ile unaweza kuwa umefunikwa.

Jambo jingine linalopitwa kimya ni namna picha ilivyopatikana. Kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna kasa. Picha ya kasa akitaga usiku, imepigwa kwa flashi, isisifiwe hata kama imetulia, kwa kuwa mwanga mkali huwavuruga kasa wakubwa na vitoto vinavyotafuta bahari. Ndege aliyetishwa aruke ni hivyo hivyo.

Picha dhahania ndizo zinazotushinda zaidi. Mtu anapiga rangi inayobanduka kwenye ubavu wa mashua Mikindani, au chumvi inayoganda kwenye mabwawa ya Lindi, na swali la kwanza analopata ni "hii nini?" Swali hilo halimsaidii, kwani pengine alikusudia usijue. Igeuze picha juu chini: uzito wote ukiangukia upande mmoja utauona mara moja. Kunja macho mpaka maelezo madogo yapotee, uone kama weusi na weupe vimepangika. Ifanye nyeusi na nyeupe. Ikifa, basi rangi ndiyo iliyokuwa inaibeba, na hilo si kosa, ila mwenye picha ajue. Mwisho pita kwenye kingo zote nne. Kwenye zile za mashua mara nyingi kuna ncha ya kamba nyeupe imeingia kona ya juu. Ni kali, inang'aa, na jicho likishaiona linarudi kwenye chombo, picha inakuwa ya mashua tena. Hapo maoni ni mafupi: "Kata kona ya juu kulia, kamba inanitoa." Kama pembe moja imefifia, ubavu umepinda na lenzi ilikuwa wazi mno: aifunge hadi f/8 au f/11 (namba ya f ikipanda, tundu la lenzi linakuwa dogo), na kamera isimame sambamba na mbao.

Wanaotikisa kamera makusudi wapate michirizi wanaambiwa "tumia shata ndogo", yaani ya polepole, bila hesabu. Jua la mchana, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikiwa 100 na lenzi f/16, linatoa 1/100 ya sekunde hivi. Filta nyeusi ya stopu 5 ndiyo inayokufikisha theluthi ya sekunde. Bila filta, subiri magharibi.

Adabu zetu nazo zina nafasi. Kijana kumkosoa mzee hadharani ni kazi, na wengi wanaamua kunyamaza. Mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa hatua 4 unaofaa hapa: watazamaji waseme kwanza kilichowagusa, msanii aulize maswali yake, watazamaji waulize maswali yasiyobeba hukumu, maoni ya kukosoa yaje mwisho, kwa ruhusa ya msanii. "Mzee, ulitaka upeo wa bahari uinamie kushoto?" ni swali ambalo halimvunjii mtu heshima, na yeye mwenyewe ataangalia. (Kama alitaka, basi yaishe.)

Anayepokea naye asikimbilie kujitetea kwamba boti ilikuwa inayumba. Mtazamaji haoni boti, anaona picha. Watu wawili wakigusa mahali pamoja na kutoa dawa tofauti, amini mahali, dawa zipime mwenyewe kwenye nakala, faili la asili usiliguse. Na unapoomba maoni kwa WhatsApp, tuma picha kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu ikibanwa, chembe za mchanga ndizo za kwanza kuvurugika na utalaumiwa kwa kosa la simu. Kioo cha simu kikiwa juani kila picha huonekana giza, kwa hiyo hukumu ya mwanga itolewe kivulini.

Ombi langu kwako, Mhariri: mnapochapa picha za wasomaji, wekeni chini yake sentensi mbili za mhariri wa picha, moja ya kinachofanya kazi na moja ya mahali pa kurekebisha. Mtueleze pia mnavyotaka zifike. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na vivuli hufunga, kwa hiyo tope la mikoko linaloonekana vizuri kwenye simu hutoka kama lami. Picha ya upana wa sentimita 15 kwa nukta 200 kwa inchi inahitaji pikseli 1,200 hivi tu, hata simu ya kawaida inazo. Vivuli ndivyo tunavyohitaji kuambiwa tuvipandishe kwa kiasi gani kabla ya kutuma.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara