Harambee ya trela yetu: tushikeni mkono kabla kamera haijawashwa

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu na marafiki wote wa shule,

Ninawaandikia kama mlezi wa klabu ya muziki na filamu, kwa niaba ya wanafunzi 26 ambao tangu muhula uanze hawajakosa mazoezi hata Ijumaa moja. Wameandika filamu ya muziki, yaani hadithi ambayo wahusika wake wakifika mahali maneno ya kawaida hayawatoshi, huimba na kucheza. Mwaka huu tunataka kutengeneza trela yake, yaani kionjo kifupi cha kuitangaza filamu, cha dakika mbili. Harambee hii ni ya trela hiyo, na hasa ni ya ile sehemu yake ambayo hakuna mtazamaji atakayeiona: maandalizi.

Najua wapo watakaouliza: kuchangia kamera tunaelewa, kuchangia maandalizi ndiyo nini? Naomba niwajibu kwa yaliyotupata mwaka jana.

Mwaka jana tulikuwa na hamu kubwa na simu mbili nzuri, tukakimbilia kupiga picha. Wanafunzi waliimba papo hapo mbele ya simu, kila mara upya. Mara ya kwanza walikuwa na woga, wakaimba polepole. Mara ya nne walikuwa wamechangamka na wimbo ukakimbia. Tulipokaa kuhariri, tukataka sura ya mwimbaji itoke kwenye mara ya kwanza na miguu ya wachezaji itoke kwenye mara ya nne, vitu havikukubali kukaa pamoja. Mguu unatua, pigo limeshapita. Isitoshe, simu nyingi hazirekodi idadi ileile ya picha kwa kila sekunde. Hupunguza na kuongeza zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika. Kwa hiyo hata pale tulipolinganisha sauti na midomo mwanzoni mwa wimbo, kufika kiitikio vilikuwa vimeshaachana. Tulihangaika wiki tatu. Siku moja binti aliyekuwa mhariri wetu alikuja na diski mkononi, akaniambia, "Mwalimu, hapa hakuna cha kuokoa." Tukaitazama pamoja mara ya mwisho, na alikuwa sahihi. Lile lilikuwa kosa langu mimi mlezi, niliyewaacha waanzie mwisho.

Filamu ya muziki huanza na wimbo. Wimbo hurekodiwa kwanza, ukakamilika, kisha siku ya kupiga picha unapigwa kwenye spika na waigizaji wanaufuata kwa midomo na kwa mwili. Kabla haujaanza husikika mapigo machache ya kuhesabia, ili kila mtu aingie kwa wakati mmoja. Hapo unaweza kurudia mara kumi, ukahamisha kamera kila pembe, na kila kipande kitaingia mahali pake kwa sababu wote walifuata sauti ileile. Ndiyo maana fungu kubwa la mchango wenu litakwenda kwenye siku mbili za kurekodi, tena katika chumba kilichotulia, na maikrofoni ya kukodi na fundi sauti anayejua kazi yake.

Wimbo wenyewe tayari upo, na ningependa mjue ulikotoka. Hadithi ni ya mama fundi cherehani na binti yake. Mama anataka binti aache kuimba ashike kazi ya mkono. Binti anashona, lakini kila mguu wa mama ukikanyaga cherehani, yeye anasikia ngoma. Tuliazimwa cherehani ya kukanyaga na bibi wa mmoja wa wanafunzi. Ni ya zamani, na kanyagio lake hulia "nyii" kila likishuka. Wanafunzi walitaka kulipaka mafuta, lakini mpiga ngoma wetu akawazuia. Alikaa na saa, akamwomba mwenzake akanyage kama mtu aliyezoea kazi, asiharakishe wala asijivute, naye akawa anahesabu vilio vile. Vilikuwa 96 kwa dakika. Wimbo wote umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Sasa tazameni jinsi hesabu moja inavyotupangia kazi nzima. Kwa mapigo 96 kwa dakika, fungu la mapigo manne huchukua sekunde mbili na nusu. Dakika mbili za trela ni mafungu 48, hakuna nusu inayobaki. Kamera ikiwekwa kwenye picha 24 kwa sekunde, kasi ambayo sinema imeitumia tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti, kila pigo ni picha 15 kamili. Mhariri akitaka kukata juu ya pigo anajua akate wapi bila kubahatisha. Simu zetu hazina uthabiti huo, na ndiyo sababu tunaomba kukodi kamera moja ya kweli badala ya kutumia simu kumi.

Ukutani kwenye chumba cha muziki kuna karatasi 36. Kila moja ina mchoro wa shoti moja, yaani kipande kimoja kinachopigwa bila kukatisha kamera: nani yuko wapi, kamera inatazama kutoka upande gani, na chini yake namba za mafungu ya wimbo yanayoangukia hapo. Baadhi ya michoro ni vijiti tu vyenye vichwa, mingine imechorwa kwa mkono wenye kipaji. Shoti 36 kwa siku mbili za kupiga picha ni 18 kwa siku. Tukiwa na saa tisa za kazi, kila shoti inapata nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo kuna kuhamisha taa, kurudia mazoezi, kupiga picha na kurudia tena. Shoti ya 29 ina wachezaji 14. Hiyo nusu saa haitaitosha, kwa hiyo tumeiba muda kwenye shoti za mikono na sindano, ambazo ni rahisi. Mwanafunzi anayesimamia ratiba ameipanga upya mara sita. Tumekwenda kuona ukumbi asubuhi, mchana na jioni ili kujua jua linaingia dirisha gani saa ngapi, na tukasimama kimya tusikilize kelele za nje. Kazi hii ya kutembea na kusikiliza haigharimu kitu, nasi tumeifanya yote.

Jambo moja lilizua mabishano makali. Wanafunzi kadhaa walitaka tutumie wimbo unaovuma, wakisema trela itapendwa haraka. Tukakaa nao tukawaeleza kwamba wimbo una wenyewe: yupo mwenye haki ya utunzi, na yupo mwenye haki ya ile sauti iliyorekodiwa. Kuuweka chini ya picha kunahitaji ruhusa ya wote, hata kama kazi ni ya wanafunzi. Leo naona hilo ndilo lililotufanya tutunge wimbo wetu wenyewe wa cherehani. Waliotunga wamekubaliana kwa maandishi jinsi majina yao yatakavyoandikwa na klabu itautumiaje wimbo, na wazazi wao wametia saini. Ninyi wazazi wa watakaoonekana kwenye picha mtaletewa fomu ya ridhaa pia. Tafadhali isomeni yote, na mwenye swali asisite kuniuliza.

Kwa nini trela, wala si filamu nzima? Kwa sababu filamu nzima hatuiwezi bado, na sitaki kuwaahidi tusichokiweza. Trela itatufundisha kila hatua kwa kipimo kidogo, na itatupa kitu cha kumwonyesha yeyote tutakayemwomba msaada wa filamu yenyewe. Trela na mchezo wa muziki pia ni ndugu wa siku nyingi. Ile inayotajwa kuwa trela ya kwanza katika historia ya sinema ilitengenezwa New York mwaka 1913 na Nils Granlund, kuutangaza mchezo wa muziki wa jukwaani, na alichowaonyesha watu kilikuwa ni mazoezi. Niliwasimulia wanafunzi habari hiyo, na tangu siku hiyo kuna mmoja anayerekodi mazoezi yetu kila Ijumaa.

Mbali na siku za kurekodi na kamera, tunaombea taa tatu na stendi zake, spika yenye nguvu ya kusikika ukumbini, diski mbili za kuhifadhia (kila picha tunaiweka mahali pawili siku ileile, hatutarudia ya watu wanaopoteza kazi), usafiri wa vifaa, chakula cha siku mbili za kupiga picha, na kisanduku cha huduma ya kwanza, kwa maana wachezaji wanaruka. Bajeti nzima imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, mstari kwa mstari. Mweka hazina wa kamati ya wazazi ndiye anayepokea michango na kutoa stakabadhi. Mimi mwenyewe sishiki pesa. Baada ya siku ya mwisho, matumizi yatabandikwa palepale ilipo bajeti.

Asiye na pesa asijione hana la kutoa. Tunahitaji mablanketi mazito ya kutundika ukutani wakati wa kurekodi, yanameza mwangwi vizuri sana. Tunahitaji vitambaa vilivyobaki kwa mafundi, mikasi mikubwa ya zamani, na mtu mwenye subira wa kukaa mlangoni siku mbili akiwaomba wapita njia wanyamaze.

Ukimya huo ndio moyo wa trela yetu. Kwenye fungu la 33, dakika moja na sekunde 20 tangu mwanzo, mama anasikia binti anachokiimba, na mguu wake unasimama. Cherehani inanyamaza kwa mafungu mawili, sekunde tano. Wakati huo hakuna ngoma wala sauti ya mtu, ni pumzi ya chumba tu. Kila tulipojaribu kuzirekodi sekunde hizo kwa vifaa tulivyo navyo, tulipata mngurumo wa umeme na upepo wa feni. Mama wa kwenye hadithi, anayeigizwa na msichana mpole ambaye mwaka jana hakuthubutu kusimama mbele ya wenzake, ananyanyua mguu polepole, anauacha hewani, na sote chumbani tunabana pumzi.

Michango itapokelewa hadi siku ya wazazi, na harambee yenyewe itafanyika ukumbini mchana wa siku hiyo. Wanafunzi watauimba wimbo wote mbele yenu. Anayetaka kuona kazi kabla ya kuchangia aje Ijumaa yoyote baada ya masomo, katika chumba cha muziki. Mlango huwa wazi. Ukichelewa, subiri nje mpaka usikie cherehani imeanza tena, kisha ingia.