Andikeni maswali ya watu, sio maswali yenu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua niongee na vijana wetu wa hapa Dar wanaotengeneza na kutafsiri programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuusoma msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yaliyoiunda, kuubadilisha na kumgawia mwenzake bila kulipa. Nawaheshimu sana na kazi yao ndo inanilisha, mi nina steshenari maeneo ya Mwenge, kompyuta tatu na printa mbili, zote zinatumia LibreOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia mahesabu kama Word na Excel, kwahiyo haya ninayosema nayaona kwa macho siku sita kwa wiki.

Nataka kuongelea ule ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Karibu kila mradi unao. Unaufungua unakuta swali la kwanza Dira ya mradi ni ipi, la pili Usanifu wa mfumo ukoje, la tatu Mnakaribisha vipi wachangiaji, sasa nauliza kwa moyo mweupe kabisa, nani aliuliza haya? Dukani kwangu sijamsikia hata mmoja. Hayo ni maswali ambayo mwenye mradi alitamani kuulizwa, na mtu mwenye shida akishayapita matatu ya namna hiyo anafunga simu anaenda kutafuta fundi.

Kuna binti alikuja jioni moja, saa kumi na moja na nusu hivi, amebeba laptopu mkononi hata mkoba hana, anasema "Kaka naomba unisaidie, faili langu linagoma kupanda na mfumo unafungwa saa sita usiku." Alikuwa anaomba kazi. Barua ameiandika vizuri kabisa, ila aliisevu kama ODT, ambayo ndo LibreOffice inakuwekea yenyewe kama hujachagua kitu kingine, na ule mfumo wa maombi unapokea PDF tu alafu haukuambii kosa ni nini, unarudisha ukurasa mtupu. Tangu asubuhi anahangaika, bando limeisha mara mbili. Nikabofya kile kitufe cha PDF pale juu kwenye upau, sekunde tano, ikapanda. Kilichoniuma ni kwamba jibu lake lilikuwepo mtandaoni, kwa Kiswahili, na yeye alikuwa ameufungua ukurasa wenyewe kwenye simu, akanionyesha, ila kichwa cha swali kimeandikwa "Utangamano na miundo ya faili". Yule binti hakuwa na shida ya utangamano jamani, alikuwa na faili linalogoma kupanda! Angekuta maneno hayohayo ya kwake, "Faili langu linagoma kupanda kwenye mfumo wa maombi", na mstari wa kwanza wa jibu unasema lisevu kama PDF, asingetoka nyumbani.

Kesho yake nikanunua kaunta buku. Mteja akiniuliza kitu kuhusu kompyuta naandika vilevile alivyosema, sirekebishi neno, na pembeni naweka kijistari kila swali likirudi. Sasa lina kurasa nyingi na nimejifunza humo vitu ambavyo peke yangu nisingevifikiria. Mfano swali linaloongoza kwa vijistari ni hili, "Nikiiweka kwenye kompyuta za dukani si nitakamatwa?" Watu wengi wamezoea kopi za wizi, kwahiyo wakisikia bure wanajua kuna mtego. Jibu lake ni hapana, LibreOffice inaruhusiwa hata kwenye biashara, unaweza kuiweka kwenye fleshi ukampa jirani na jirani akampa mwenzake, na kwa Dar hilo ni jambo kubwa sababu faili la kuinstoli ni zaidi ya MB 300, mmoja akidaunlodi mtaa mzima unatumia. Ndo ilitakiwa iwe juu kabisa ya ukurasa.

Linalofuata ni "Mbona inaniomba hela kama ni ya bure?" Ukienda kudaunlodi unakutana na sehemu ya kuchangia, na wengi wanaishia hapo hapo wakidhani ni malipo. Ni mchango wa hiari kwa The Document Foundation, wale wa Ujerumani wanaosimamia mradi, usipochanga programu inashuka vilevile. Sentensi mbili tu.

Alafu kuna la mzee mmoja mwalimu mstaafu, anaandika historia ya ukoo wao, kurasa sasa hivi zimeshapita mia. Alikuja nikamwamkia, akaitikia, akaniambia "Kijana, hii mashine inanisahihisha Kiswahili changu, kila neno imelipiga mstari mwekundu, mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini." Amekasirika kweli. Nikamwelewesha kwamba mashine inadhani anaandika Kiingereza, abadilishe tu lugha kule chini ichague Kiswahili cha Tanzania, nikaandika na hatua hizo kwenye karatasi niliyobandika ukutani. Baada ya siku tatu karudi, lugha amebadilisha na maneno bado hayakaguliwi. Kumbe kamusi ya Kiswahili ipo ndani ya LibreOffice ila wakati wa kuinstoli kwenye Windows kama hukuichagua kwenye orodha ya kamusi inaweza isiwekwe, na mimi kwenye zangu niliichagua siku ya kwanza nikasahau. Yaani jibu langu lilikuwa kweli ila lilianzia katikati. Sasa kila jibu kabla sijalibandika namkabidhi mtu ambaye hajawahi kufanya hicho kitu, anafuata mstari kwa mstari mbele yangu na mimi sifungui mdomo. Akikwama naandika pale pale alipokwama. Vijana naomba mlishike hili kuliko yote niliyosema, sababu nyie mnaijua programu kiasi kwamba hatua mbili za mwanzo hamzioni tena.

Hii desturi yenyewe ya kukusanya maswali haikutoka kwa watu wa matangazo, ilianzia kwenye mitandao ya mwanzo kabisa, miaka ya 1980, kwa watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, na wenzao waliochoka kuona kila mgeni anaingia na swali lile lile, wakaona bora wayakusanye na majibu yake pamoja. Waliyakusanya, hawakuyatunga.

Kuhusu lugha, sitaki nieleweke kama napinga Kiswahili sanifu, hapana. Mwaka 2004 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu walikaa wakatafsiri OpenOffice nzima, ile iliyokuja kuzaa LibreOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice, kazi ya maneno maelfu, na mpaka leo najivunia hilo. Ila menyu na swali ni vitu viwili. Kwenye menyu andika Sakinisha, kwenye swali andika "Nainstolije", alafu ndani ya jibu mwambie mtu kwamba kwenye skrini ataona neno Sakinisha. Hapo anapata msaada na neno jipya kwa pamoja. Na kama programu yake iko kwa Kiingereza, na nyingi ziko hivyo, mtajie kitufe kwa jina analoliona yeye pale, usimtafsirie kitufe ambacho hatakikuta.

Ukurasa uwe mwepesi pia. Watu wanaufungua kwenye simu, wakati mwingine wamesimama kwenye daladala na bando la mwisho, ukiwajazia picha kubwa za skrini unawamaliza. Maandishi yanatosha sehemu nyingi, picha weka pale tu ambapo maneno yanashindwa, mfano kile kisanduku kinachouliza unaposevu kama ubaki na Word au utumie ODF, yaani muundo wa LibreOffice yenyewe, ile ODT ikiwemo, hicho kila mtu anakiogopa.

Na wekeni tarehe kwenye kila jibu. LibreOffice mpya inatoka mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Agosti, menyu zinahama, na jibu la miaka minne nyuma lisilo na tarehe linampoteza mtu kuliko kutokuwepo. Maswali nayo yanabadilika na msimu. Oktoba 2025 Microsoft walipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, dukani kila mtu akawa anauliza je kompyuta yangu imekufa, nihamie Linux, ule mfumo huria unaokaa badala ya Windows, na mafaili yangu ya Word yatafunguka? Sikuona ukurasa wowote wa Kiswahili wa vijana wetu uliogusia hilo, na ndo wiki ambayo wangepata watumiaji wapya kuliko wakati wowote.

Msiwaogope wanaouliza vitu vidogo. Mama mmoja anauza vitenge Kariakoo aliniuliza kwanini jumla yake kwenye jedwali inasoma sifuri, kumbe ameandika "15,000 TSh" ndani ya seli yeye mwenyewe kwa mkono kwahiyo programu inayaona ni maneno, unaandika 15000 tupu alafu unachagua muundo wa sarafu. Nimewauliza wadau wawili wa miradi kama hilo wanalo kwenye ukurasa wao, wakaniambia ni la kimsingi mno. Yule mama alikuwa amepiga hesabu za mwezi mzima kwa kalkuleta ya simu, usiku, baada ya kufunga duka.

Kaunta buku langu lipo. Mradi wowote unaotaka kunakili maswali uje tu, asubuhi kabla ya saa nne kunakuwa kumetulia, meza ipo na kiti kipo, ila naomba myachukue kama yalivyoandikwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye steshenari, Mwenge, Dar es Salaam