Shukrani za familia ya marehemu Mwalimu kwa waombolezaji wote, na kwa daktari wetu wa upasuaji

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi watoto, wajukuu na mjane wa marehemu baba yetu, mwalimu mstaafu ambaye Mbinga nzima iliendelea kumwita Mwalimu miaka mingi baada ya kuacha kazi, tunawashukuru wote mliokuwa nasi tangu taarifa ya msiba ilipotoka hadi tulipomlaza kaburini. Tunamshukuru Baba Paroko na wanajumuiya waliosali nasi kila jioni, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani waliochimba kaburi kwa mikono yao, na majirani ambao waliacha kahawa imeiva mitini wakaja kukaa matanga pamoja nasi.

Wengi mlimwona daktari bingwa wa upasuaji wa mjini kwetu ameketi na wafiwa siku zote mbili, na baadhi yenu mliuliza ni ndugu yetu wa upande gani. Hatuna naye undugu wa damu, na kwa kuwa ametuomba tusiliandike jina lake, tutaeleza tu alichotufanyia.

Mwanzoni mwa Machi 2024, wiki ileile ambayo kitita kipya cha mafao cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo Mfuko huzilipia hospitali, kilianza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi nchini zikasitisha huduma kwa wenye kadi za Mfuko, ngiri ambayo baba alikuwa ameificha kwa miaka ilimbana ghafla usiku. Alitapika mfululizo, tumbo likajaa, na uvimbe wa kinena ukawa mgumu usioguswa. Hospitali binafsi ya kwanza tuliyoipigia simu ilituambia kwamba kadi haipokelewi na kwamba tuje na fedha taslimu. Baba alikuwa amekatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi tangu Mfuko ulipoanza mwaka 2001, mwajiri naye akiongeza asilimia 3, na sheria inampa mstaafu na mwenzi wake haki ya kuendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Kwa hiyo kumwona anaikumbatia kadi ile mkononi huku akiugulia maumivu ni jambo lililotuumiza sana. Tulianza kupiga simu kwa ndugu kuomba michango, na kaka mkubwa alikwisha kumtafuta mnunuzi wa kipande cha shamba.

Daktari huyu alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu, yaani baba alianza kutapika saa ngapi. Alipojibiwa, alisema tusithubutu kuanza safari ya Songea, ambayo ni takriban kilomita 100, kwa sababu utumbo uliobanwa hukosa damu na kufa ndani ya saa chache, na kwamba habari za kadi zitazungumzwa dirishani asubuhi. Aliingia chumba cha upasuaji na mtaalamu wa usingizi kabla ya alfajiri, akaondoa kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshaharibika, akaunganisha palipobaki. Walimu watatu vijana walichangia damu. Asubuhi kadi ilihakikiwa, fomu ikajazwa, na hatukudaiwa hata shilingi moja ya upasuaji, ingawa tunajua kwamba madai ya hospitali hukaguliwa kwanza ndipo yalipwe, na kwamba kwa hospitali ndogo ya mji mdogo kungoja huko ni mzigo halisi wa mishahara, dawa na nyuzi za kushonea.

Shamba halikuuzwa. Michango iliyokuwa imeshapokelewa ilitumika kwa chakula cha wauguzaji na nauli, na iliyobaki tuliirudisha kwa kila aliyeitoa. Kama kuna ambaye hakupata yake, tafadhali aje nyumbani.

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya usiku ule. Alimsindikiza kitinda mimba wetu hadi altareni. Msimu uliofuata alisimama shambani na fimbo yake, akiwaelekeza wajukuu namna ya kupanga nyasi za ngoro, yaani mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, kabla ya kuzifunika kwa udongo, na alipokea kila mara salamu za daktari, ambaye alikuwa akipita kumwona bila kuitwa. Moyo ndio uliomchukua mwezi uliopita, akiwa kitandani kwake, mama akiwa pembeni.

Daktari, na wauguzi wako wote, mlitupa muda wa kuagana na mzee wetu, na mliiheshimu kadi aliyoilipia kwa jasho lake la ualimu. Mungu awalipe.

Misa ya arobaini itaadhimishwa parokiani, na tarehe itatangazwa kwenye jumuiya. Nyote mnakaribishwa, na baada ya misa tutakula pamoja nyumbani.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.