Kwadi ya mtumba ya kusukumia theluji

Ndugu yangu Sefu,

Salamu nyingi, na pole na baridi. Barua yako nimeipata. Kwamba umechoka kuamka alfajiri kupigana na theluji kwa beleshi, hilo nalielewa kabisa. Unauliza ununue kwadi gani iliyotumika, yaani pikipiki ya magurudumu manne, isiyokukausha mfuko, uifungie bledi, lile bamba la mbele la kusukumia theluji, na kusafisha njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani. Nina mengi ya kukwambia, kaa kitako.

Kwanza achana na habari za cc, yaani ukubwa wa injini. Wauzaji watakutajia cc 700, cc 800, mpaka ujione unanunua ndege. Kusukuma theluji ni kazi ya uzito na tairi zinazokamata chini, si kazi ya mbio. Mwendo wenyewe ni wa mtu anayetembea kwa haraka, basi. Suzuki walipotoa King Quad mwaka 1991, injini yake ilikuwa cc 280 tu, lakini ilikuwa na fowili, yaani injini inazungusha magurudumu yote manne, gia nzito za kutambalia, na loki ya difu ya mbele, ile inayofanya magurudumu mawili ya mbele yazunguke pamoja. Mashine kama hiyo ikiwa nzima inaiaibisha cc 700 isiyo na fowili, maana tairi zikishaanza kuteleza, nguvu iliyobaki yote inaishia kuchimba shimo. Ningekuwa wewe ningetafuta kati ya cc 350 na 500, na nisingejali umri wake sana.

Fowili haina mjadala. Ila uwe macho: Honda Rancher 350, ile ya miaka ya 2000 hadi 2006, ilitoka ya fowili na ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ukiwa mbali huzitofautishi. Piga magoti uchungulie nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiona shafti inaingia kwenye gurudumu, na mwisho wake umevaa mpira wenye mikunjo, hiyo ni fowili. Usipoiona, muage mwenye mali kwa heshima ukaendelee na shughuli zako. Hata ukiiona, bado hujajua kama inafanya kazi. Omba uisogeze kwenye kokoto au barafu mpaka bampa iguse mti, weka fowili, kisha ongeza mafuta kidogokidogo. Magurudumu ya mbele nayo yachimbe. Yakikaa kimya huku ya nyuma yanarusha kokoto, hapo una bili ya fundi hata kabla hujalipa.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: rivasi. Kusukuma theluji nusu yake ni kurudi nyuma. Unasukuma, unainua bledi, unarudi, unashusha, unasukuma tena, asubuhi nzima. Kwenye Honda nyingi za gia, kuingiza rivasi ni mpaka ukamate breki, ubonyeze kitufe, ndipo ushushe gia, na yote hayo umevaa glavu nene. Polaris Sportsman au Yamaha ya mkanda, zile zinazoendeshwa kwa mkanda wa mpira badala ya gia za kubadilisha, ni kusogeza mkono mmoja wa gia tu. Kwa hiyo usipime mashine kwa kwenda mbele peke yake. Irudishe nyuma mara kadhaa ukiwa na glavu zako mkononi, uone kama utaivumilia.

Lakini mkanda nao una mambo yake. Ukisukuma mzigo mzito kwenye gia ya juu, unateleza, unapata moto na kuungua. Maji yakiingia ndani ya kava lake, unateleza vilevile. Mashine ya mkanda inatakiwa ifanye kazi hii ikiwa kwenye gia nzito muda wote. Ukiijaribu na kusikia harufu ya mpira ulioungua, au ukaona inasitasita kuondoka, ujue aliyekuwa nayo hakulijua hilo. Ya gia na shafti haina shida hiyo, na ukiniuliza mimi, kwa mfuko mdogo ndiyo ningeichukua, kero ya rivasi nikaivumilia. Ukipata Rancher ya 2007 kuendelea, ile ya cc 420, ina sindano ya mafuta badala ya kabureta, na kwenye baridi kali hiyo ni raha kubwa.

Ukienda kuangalia, mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, salamu zikiwa bado zinaendelea, weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili usione inavyosumbua ikiwa baridi, na wewe utaiwasha ikiwa baridi kila siku ya msimu. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Fungua na ya difu uitazame vilevile. Moshi wa bluu usiokoma maana yake injini inakula oili. Kamata kila gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au boljointi. Mipira ya kwenye shafti ikichanika, grisi inatoka na mchanga unaingia, na jointi haitadumu. Namba ya chesi nayo uilinganishe na iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

Utakutana na zinazouzwa pamoja na bledi na winchi, ile mota ya kuvutia waya. Bei inavutia, na mara nyingi ni haki yake, kwa sababu vitu hivyo ukivinunua kimoja kimoja vinauma. Lakini hiyo ndiyo iliyoshinda ikigonga mawe na kingo za barabara zilizofichwa na theluji. Lala chini na tochi, pita kwenye chesi pale mabano ya bledi yalipofungwa. Tafuta ufa, sehemu iliyochomelewa, au rangi mpya mahali pamoja tu. Kukiwa na rangi mpya chini ya mashine kuukuu, muulize, kisha umtazame usoni anapojibu.

Kuhusu upana wa bledi, piga hesabu ukiwa umeigeuzia upande, kwa sababu mara nyingi hutasukuma ikiwa imenyooka. Bledi ya inchi 60 ukiigeuza nyuzi 30 inabaki kama inchi 52. Ya inchi 48 inashuka hadi karibu 42, na kwadi yenyewe mara nyingi ina upana wa inchi 46 hivi, kwa hiyo tairi zako zitakanyaga theluji uliyotaka kuiondoa. Inchi 54 ndiyo ya chini kabisa ningekushauri. Bledi yenyewe na mikono yake huingia mashine nyingi, lakini mabano ya kufungia kwenye chesi ni ya modeli yako tu. Hakikisha yanapatikana kabla hujatoa pesa.

Winchi ndiyo itakayoinua bledi, kwa hiyo betri iwe nzima. Kila kuinua kunaila. Waya wa chuma unakatika upesi kwa kujikunja palepale, afadhali kipande cha mkanda imara. Minyororo ya tairi inunue tu, na uifunge nyuma kwanza. Kama njia ni ya kokoto, viatu vya chini ya bledi virekebishe ili bledi ikae juu kidogo ya ardhi, la sivyo utahamishia kokoto zote kwenye majani.

Sasa hivi bei zimepanda kwa sababu theluji inaanguka na kila mtu anahangaika. Kama beleshi linaweza kukufikisha mwisho wa msimu, subiri majira ya joto, utanunua kwa utulivu na muuzaji ndiye atakayekuwa na haraka.

Niandikie njia yako ina urefu gani, ina mwinuko au tambarare, na kama ni lami au kokoto. Ukipata mashine, nitumie picha za chini, si za juu. Za juu wote wanapiga vizuri. Shemeji msalimie, na watoto.

Wako,
Hamisi