Siku mdogo wako hali ikirudi

Shoga angu, za Lindi? Voisi yako nimeisikiliza usiku watoto washalala, poleni sana, mama ndo namuonea huruma zaidi. Unauliza siku ugonjwa wa akili wa mdogo wako ukirudi muite polisi au msiite. Kama kashika kisu au anataka kujidhuru, iteni, ila angalieni mnasemaje kwenye simu. Ukisema kuna kichaa anapiga watu wanakuja kukamata mhalifu, we sema ni mgonjwa, anatibiwa, jina lake fulani, kashika nini, anaogopa kelele.

Juzi hapa Magomeni, Mtwara, kijana wa jirani yalimpanda, kajifungia uani na panga, na watu si unawajua, uwanja umejaa, huyu anarekodi, yule anasema karogwa aitwe mganga, vijana wa bodaboda washaleta kamba. Akaja askari mmoja na mtendaji wa mtaa, moyoni nikasema haya sasa virungu, kumbe yule baba anaanza na sisi, katufukuza wote, wenye simu ndo wa kwanza, kabakiza dada mtu tu (mie nilibaki dirishani kwangu, ningeenda wapi). Akakaa kwenye tofali, mbali kidogo, kofia kaivua, anamuita kwa jina anamuuliza umekula? Kijana anamwambia redio inamsema, askari habishi wala haitikii, anauliza tu jana ulilala? Ilichukua muda mrefu shoga, jua lilishahama ukuta, mpaka panga kaliweka chini mwenyewe, wakapanda bajaji na dada yake kwenda hospitali ya Ligula, pingu hakuna.

Sio kila askari yuko hivyo, tuseme ukweli. Hata huko Marekani, Memphis, mwaka 1987 mama aliomba polisi wamsaidie mwanae aliyekuwa anajikata kwa kisu, wakampiga risasi akafa. Mwaka uliofuata ndo wakaanza kuwapa askari wanaojitolea mafunzo ya masaa 40, na simu ya hivyo ikiingia wanatumwa wao. Sasa nyie msingoje mafunzo, nenda kwa polisi kata wenu saa hizi mdogo wako katulia, nenda nae kabisa wasalimiane, mjumbe nae ajue. Na polisi akikwambia mpaka mdogo wako afanye kosa kwanza, mbishie kwa adabu, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inamruhusu polisi kumpeleka mgonjwa hospitali, kosa sio lazima.

Kamba sitaki kusikia! Anayejua kumtuliza aongee peke yake, wengine kimya, mapanga na mchi toeni ndani mapema. Alafu msimu wa korosho asiende shamba bila dawa, huko ndo zinakatikaga. Namba ya muuguzi wa afya ya akili kama hamna iombeni siku ya kliniki, andikeni ukutani jikoni kwa maandishi makubwa mama aone bila miwani. Nipigie Jumapili jioni nishatoka sokoni, uniambie polisi kata kasemaje.