Salamu ya Mkunguni huanzia ndani ya miwani

Hapa Lamu mtoto asiyeamkia watu hupewa jina kabla hajafika mwisho wa uchochoro: hana adabu. Mama mwenye mtoto wa usonji (autism) analijua vizuri jina hilo. Mwanawe hakatai salamu kwa kiburi. Uso, sauti, mkono ulionyooshwa na punda anayelia nyuma yake, vyote humvamia kwa mpigo.

Ndiyo maana sisi tunaowafundisha watoto hawa salamu huanzia kwenye miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomwonyesha mtoto mahali kana kwamba yupo hapo. Wazo si letu: mwaka 1996 Dorothy Strickland na wenzake, Marekani, walichapisha habari za watoto wawili wenye usonji waliofundishwa kutambua magari barabarani kwa helmeti ya aina hiyo. Shida ni kwamba programu za kununua zinaonyesha korido za shule na basi la manjano, na mtoto wa mtaa wetu wa Langoni atapandia wapi basi hilo? Tukachukua kamera ya nyuzi 360 tukapita wenyewe: Usita wa Mui, njia kuu ya mji, asubuhi, uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, gatini mashua ya Mokowe ikipakia. (Punda hawakukubali kunyamaza, tukawaacha walie.)

Mtoto akivaa, mzee aliyekaa barazani kwenye picha humwambia “Sabalkheri”, kisha husubiri. Husubiri hata dakika nzima bila kununa, na mjini ni nani mwenye subira hiyo? Sauti tunaianzia chini, tunaipandisha kadiri anavyozoea. Akijibu kwa kupunga mkono, kwetu amejibu. Kumlazimisha amtazame mtu machoni hatufanyi.

Miwani yetu ni Quest, ambayo kampuni ya Meta inayoitengeneza imeiwekea miaka 10 kwenda juu, nasi hatupunguzi hata mwezi. Aliye mdogo, au asiyetaka kitu kichwani, huona picha zilezile kwenye tableti. Dakika tano, kisha kupumzika. Kama ana kifafa, muone daktari kwanza ndipo uje.

Usonji hauponi kwa miwani. Anayekuahidi hivyo anautazama mfuko wako. Mtoto akishazoea, tunashuka naye Mkunguni jua la adhuhuri, watu wakiwa wachache, hadi kwa mzee yuleyule wa kwenye picha. Yuko pale barazani kwake, na ameshaambiwa asubiri.